Mtu Mmoja kwa Kila Nyumba

Juliana alikuwa na donge la miaka miwili, nalo lilitokana na lebo. Lebo ya kijani, yenye picha ya Zita akitabasamu, iliyobandikwa kwenye pakiti za unga wa ndizi. Zita alikuwa mke wa mdogo wa mumewe, na nyumba zao mbili zilikaa kwenye kihamba kimoja, shamba la ukoo, huko Kilema, zikitenganishwa na migomba.

Juliana alikuwa amepika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa miaka ishirini na moja. Wapishi wa kitongoji walipeana zamu, na Alhamisi, siku yake, watu walikunywa mpaka pipa likakauka. Hakuna aliyewahi kumpiga picha na pipa lake. Zita, aliyeanza juzi juzi tu, alishapelekwa kwenye maonyesho ya Nane Nane akarudi na cheti, akakitundika sebuleni mahali ambapo hata mpita njia angekiona. Cheti cha unga, jamani. Wivu ulimkaba Juliana kila alipopita pale, na alipita mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Asubuhi moja akaja Rachel, mwanamke wa Njoro mjini, na kishkwambi mkononi. Akatoa shikamoo, akaketi, akaeleza kwamba anatafiti watu wanaoanzisha biashara. Maswali yale yale yanaulizwa nchi nyingi, halafu nchi zinalinganishwa. Juliana akajiona ameshafika huko duniani, na pipa lake.

“Wanaokula chungu kimoja hapa ni wangapi, mama?”

Ukweli ni wawili, yeye na Leonce, mumewe. Lakini macho ya mgeni yalishaangukia nyumba ya pili, na Juliana akajua kitakachofuata: akitoka hapa atavuka migomba, ataonyeshwa lebo, ataonyeshwa cheti. Akaona heri amzibe Zita njia mapema.

“Kihamba chote hiki ni nyumba moja,” akasema. “Mkubwa ni mimi. Tuko wanne.”

Rachel akaandika majina manne, akabonyeza. “Mashine inachagua mtu mmoja kwa kila nyumba, bila upendeleo. Imemchagua Zita. Yupo?”

Juliana alitamani kuyameza maneno yake.

Zita akaja akijikung'uta unga mikononi, akaketi kwenye kiti cha Juliana. Akaulizwa alianza lini, anamuuzia nani, anaogopa kushindwa au haogopi. Alijibu kwa raha zake. Juliana akasimama mlangoni na upawa, akijifanya ana kazi pale.

“Mbali na wewe, kuna mwingine hapa nyumbani mwenye biashara, mpya au ya zamani?”

Zita akafikiri kweli kweli. “Hapana. Wengine ni wakulima tu.”

Juliana akautafuta ubaya usoni mwa Zita, akaukosa. Ingekuwa makusudi, angalau wangegombana.

“Na pombe je?” akauliza. “Kwani siuzi?”

“Unauza, Mama Filemon,” Zita akasema kwa upole. “Lakini si ni mbege ya zamu tu?”

“Samahani, mama,” Rachel akasema. “Lazima ajibu aliyechaguliwa.”

Akaandika alivyoambiwa. Siku hiyo kihamba cha kina Leonce kilihesabiwa kuwa na mfanyabiashara mmoja, na Juliana ndiye aliyemwandikisha.