Pumzi Kumi na Tisa na Moja ya Matabishi

Sikiliza, hili lilitokea. Sikulipata kwa jirani, wala kwa mtu aliyelipata kwa shemeji yake. Lilitokea chumbani mwangu, hapa Kikula, mjini Likasi, saa tisa mchana, jua likichoma mabati, na tumboni sikuwa na kitu ila chai. Najua ilikuwa saa tisa kwa sababu nilitazama simu mara mbili. Mimi kila kitu nakihesabu mara mbili. Nikinunua mayai sokoni nahesabu yakiingia kwenye mfuko, kisha nayatoa nahesabu tena, na Mama muuzaji anageuka kuhudumia wengine mpaka nimalize.

Kwa hiyo nikikuambia zilikuwa kumi na tisa, amini zilikuwa kumi na tisa. Ni ile ya ishirini inayonichanganya.

Kazi yangu ni studio. Usicheke. Studio ni simu moja yenye ufa pembeni, mikro ya kunasia sauti niliyoibishania bei siku tatu, écouteurs za masikioni ambazo sikio la kushoto linafanya kazi likipenda, na godoro la zamani lililoegemezwa ukutani ili sauti isirudi. Ndani ya simu hiyo nanasa kwaya na matangazo ya wauza dawa ya panya, nakata, naunganisha, nasafisha. Nyimbo za polepole zikinaswa, mimi natoka nje, kwa sababu pua yangu ilivunjika kwenye mpira wa miguu na tangu hapo inapiga filimbi kila nikivuta hewa. Kwaya zote za Kikula zinaijua filimbi hiyo.

Na kuna jambo lazima ulijue, la sivyo hutaelewa. Kwingine studio inafungwa umeme ukikatika. Yangu inafunguliwa hapo. Umeme ukiwapo, mbele yangu kuna baa yenye spika mbili kubwa kama kabati, na nyuma kuna mashine ya kusaga mahindi kuwa bunga. Ukikatika, baa inanyamaza, mashine inanyamaza, na simu yangu ina betri. Basi kwaya nzima inakuja mbio kuimba kabla umeme haujarudi. Labda ni mimi peke yangu Likasi ninayefurahi taa zikizimika.

Jumatatu moja alikuja Mama Ngalula, mjane wa barabara ya tatu kutoka kwangu. Binti yake Mujinga alikuwa anaolewa Jumamosi. Katika familia yao, watu wa Kasai wa siku nyingi hapa mjini, binti hakabidhiwi kwa wakwe mpaka baba aseme neno lake. Baba, Papa Kabeya, alikuwa amekufa kwa pumu kabla sijahamia mtaa huu. Lakini alikuwa ameliacha neno, amelisemea kwenye simu akiwa kitandani.

"Papa Fundi," Mama akasema, akinishikisha kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu iliyofungwa kwenye kitambaa, "sauti ya bwana yangu iko humu. Haiko pengine. Simu yake ilikufa, kadi njo ilibakia. Safisha, bantu basikie muzuri."

Tukabishana bei, tukakubaliana, akafika mlangoni akageuka.

"Na matabishi?"

Hapa kwetu huwezi kuuza kitu bila matabishi. Ukinunua kopo la karanga, unaongezewa kiganja. Usipoongeza, mteja anaondoka na jina lako anakwenda kulichoma. Nikamwambia atayapata.

Nikasikiliza. Dakika mbili na sekunde hamsini na moja, nilihesabu mara mbili. Sauti nzuri, nzito, lakini mzee alikuwa anavuta hewa kama mtu anayeburuta gunia kwenye changarawe. Maneno matatu, gunia. Maneno manne, gunia. Nikajiambia, Mama ameomba usafi. Nikazikata pumzi zote, moja moja. Kumi na tisa. Nikayasogeza maneno, yakakaa bega kwa bega. Dakika moja na sekunde hamsini na nane! Nilijisifu, sikufichi.

Kisha matabishi. Nikaifuta kadi yake yote na kuijaza nyimbo arobaini za kwaya, na sauti niliyoisafisha nikaiweka juu kabisa. Na ile ya kwanza, iliyokuwa kwenye simu yangu? Simu imejaa, nikaifuta pia. Nikalifungua hata lile pipa la takataka la ndani ya simu, nikalimwaga. Mimi ni mtu safi.

Jumatano Mama akaja na Mujinga kusikiliza. Mujinga alivaa écouteurs, na kabla ya neno la kumi akazivua.

"Huyu ni nani?"

"Ni Papa yako," nikasema.

"Papa? Papa anasemaka hivi? Huyu ni muntu anakimbizwa na imbwa! Papa alikuwa anapumuaka kwanza, njo anasema."

Mama hakupaza sauti. "Papa Fundi, ile ya kwanza iko wapi?"

"Mama, ile ya kwanza njo hii."

"Nauliza yenye iko na pumuzi."

Nikatazama godoro. Godoro halikunisaidia. Nikaeleza, na nilipofika kwenye nyimbo arobaini akainua mkono.

"Minye nilikuomba nyimbo?"

"Mama, uliomba matabishi."

"Niliomba matabishi. Sikuomba uzike bwana yangu mara ya pili."

Mujinga alikuwa ameshasimama mlangoni. "Minye sitoki mu nyumba ya Papa kama hajasema. Bakwe bangoje. Bangoje mpaka bachoke."

Na hakuwa anatania. Mahari ilikuwa imepokelewa, mbuzi wamefungwa uani, wajomba wako njiani, na msichana anakaa ndani kwa sababu mimi nimekata kitu ambacho kila mtu anacho bure.

Nilijaribu, amini. Nilichukua pumzi za mwimba besi mmoja nikazipachika. Papa Kabeya akawa watu wawili wanaogombania kiti. Nikajaribu zangu. Filimbi. Mpaka Alhamisi mchana sikuwa na kitu.

Saa tisa umeme ukakatika. Baa kimya, mashine kimya. Nikangoja kwaya, maana ni siku yao. Haikuja kwaya. Aliingia mtu mmoja.

Alikuwa mfupi, mwembamba, shati la mikono mirefu lililofungwa mpaka shingoni, na sura ambayo unaikuta kila asubuhi kituoni watu wakingoja taxi-bus, ukigeuka umeshaisahau. Akaanza kusema akiwa bado mlangoni.

"Jambo fundi nilikuya juu ya vile vintu ulikata vyote kumi na tisa sikukuya kubishana bei weye ulisha kulipwa yako sasa nipatie mikro nikae niviache hapa niende juu courant ya umeme itarudia na saa haiko mingi."

Nimeyaandika vile alivyoyasema. Hakuna koma hata moja kwa sababu hakukuwa na mahali pa kuiweka. Wewe uliyewahi kubishana bei unajua siri: unamngoja mwenzako avute hewa, hapo unachomeka bei yako. Nimebishana na Wahindi, na wapadri, na mama mkwe wangu. Mtu huyu hakuniachia tundu. Nikamtazama kifua. Shati lilikuwa limetulia kama nguo iliyoanikwa siku isiyo na upepo.

"Wewe ni wa familia ya Mama Ngalula?" nikauliza.

"Minye siko wa muntu bonyeza tu fundi."

Ungefanya nini? Ungekimbia? Mlango alikuwa ameuziba yeye. Na nikuambie ukweli wa kijinga: kichwani nilikuwa bado najiuliza atanilipa au hatalipa. Nikamsogezea kiti na mikro. Nikabonyeza.

Akaisogelea mikro. Alivuta hewa. Kwa mara ya kwanza shati lile lilipanda, na kwenye kioo cha simu mchoro wa sauti ukainuka kama kilima. Gunia kwenye changarawe. Nililitambua mara moja. Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Ya pili, fupi. Ya tatu, ndefu, ina kikohozi kimekwama chini yake. Ya saba ilikatika katikati, nikasikia mtu anameza maji, na mezani hapakuwa na kikombe. Sikuthubutu kutoka nje na filimbi yangu, basi niliibana pua na kupumua kwa mdomo, polepole, kama mwizi. Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa.

Shati likatulia tena. Lakini hakuondoka. Alinitazama vile mteja anavyokutazama umeshampimia, umeshamfungia, na bado amekushikilia mfuko wazi. Kisha akasema, safari hii taratibu, kama watu:

"Na moya... ya matabishi."

Hapa ndipo kumbukumbu yangu inapochanganyika, na nimejaribu kuipanga mara nyingi kuliko faili yoyote. Nakumbuka nilitaka kuvuta hewa nimjibu. Nakumbuka kifua kilifunguka, na hakikuingia kitu, kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo. Halafu umeme ukarudi. Baa ikaamka katikati ya wimbo, mashine ikanguruma, nikageuka dirishani, sekunde moja, nakupa mbili kama unataka. Nikarudisha macho. Kiti. Mikro. Hakuna mtu, na mlango ninaousikia siku zote ukilia bawaba haukuwa umelia.

Nikafungua faili. Nikahesabu pumzi: kumi na tisa. Nikahesabu mara ya pili: ishirini. Maishani mwangu hesabu mbili hazijawahi kugombana. Nikahesabu ya tatu, ishirini. Ya nne, ishirini.

Nikayatenganisha tena maneno ya Papa Kabeya, nikazirudisha. Kila moja ilikaa kwenye pengo lake bila kupunguzwa hata unywele. Nilipomaliza ya kumi na tisa, simu ikasema dakika mbili na sekunde hamsini na moja. Ile ya ishirini haikuwa na pengo, nikaiacha pembeni, nikahifadhi kazi. Asubuhi nilipofungua ilikuwa dakika mbili na hamsini na nne. Pumzi ya ishirini ilikuwa imekaa mwisho kabisa, baada ya neno la mwisho la mzee. Nikaikata. Nikahifadhi. Nikafungua. Ipo. Nikaikata tena. Ipo. Nikaiacha.

Ijumaa, nyumbani kwake, Mama Ngalula alisikiliza amefumba macho. Kwenye ya saba akainua kidole.

"Hapa nilimupatia maji. Minye njo nilishika kikombe. Papa Fundi, uliikuta wapi?"

Nikamweleza yote. Akaingia ndani akaleta picha. Papa Kabeya alikuwa jitu la watu, ndevu, mabega yamejaza mlango. Hakufanana na yule mfupi hata kwa ukucha. Mama akaniambia nimwelezee tena, nikaelezea, akasema hamjui mtu wa hivyo, wala ukoo wao hauna. Unaona tatizo langu? Angekuwa ni yeye, ningesema ni mzimu, ameufuata mzigo wake, basi, nilale. Lakini pumzi zilikuwa za huyu na uso ulikuwa wa nani?

Mujinga alikuwa amemaliza kusikiliza, machozi yamemfika kidevuni. "Ni Papa," akasema. "Ni yeye kabisa." Kisha akakunja uso. "Lakini hii ya mwisho ni ya nani? Papa hakukuwa na filimbi mu pua."

Wote wakanigeukia. Mama Ngalula, Mujinga, hata shangazi mmoja aliyekuwa pembeni anachambua sombe, majani ya muhogo, akaacha.

Jumamosi sauti ilichezwa uani mbele ya wakwe. Papa Kabeya alivuta hewa kabla ya kutaja jina la binti yake, na hakuna aliyemharakisha. Mujinga alisimama ndani ya mlango mpaka neno la mwisho. Kisha ikapita filimbi, ndogo, safi, na mjomba mmoja akajibu "Amina," naye Mujinga akakanyaga nje. Ndivyo nilivyombariki mtoto wa watu bila kuombwa.

Nilikwenda kupimwa. Mapafu mazima, wakasema, nenda nyumbani. Lakini kila nikijaribu mikro huwa nahesabu kwa sauti, moja mpaka ishirini, na kati ya kumi na tisa na ishirini mchoro unalala. Simaanishi ukimya. Ukimya una mashine kwa mbali, una kuku. Pale hakuna hata kuku, ni mstari mtupu kama wa simu iliyozimwa. Nimebadili mikro. Nimebadili simu. Mstari upo. Nimeuhesabu mara mbili.

Basi wewe unayekata sauti za watu kwenye simu yako, nakuonya, na sikutozi kitu: ile ya kwanza usiifute, hata simu ijae mpaka ilie. Pumzi ya mtu usiione takataka. Na umeme ukikatika mchana, akaingia mtu ambaye shati lake halipandi wala halishuki, kabla hujabonyeza muulize matabishi yatatoka upande gani.

Mimi ukija, utanikuta palepale Kikula, nyuma ya baa. Bei tutasikilizana. Ila matabishi usiniombe. Nilishatoa, na mpaka leo sijui nilimpa nani.