Pua ya Shangazi na Mafuta ya Mrehani

Hakuna aliyekuwa na pua kama ya shangazi yangu, na anayebisha aje tubishane. Miaka ishirini alikeneka mafuta ya mrehani uani kwetu: maji yakichemka chini, majani juu, mvuke ukipita kwenye bomba lililozamishwa ndani ya pipa la maji baridi, mafuta yakidondoka tone kwa tone. Majani aliyakata alfajiri, kabla jua halijaiba harufu. Kila mkupuo ulipotoka, alichovya kipande cha karatasi, akanusa, akakiacha saa nzima, akanusa tena.

"Harufu ya kwanza ni ya wageni," alisema. "Inayobaki ndiyo ya wenye nyumba."

Kisha aliyatia kwenye chupa nyeusi, akazijaza mpaka shingoni pasibaki nafasi ya hewa. Matone machache ya mafuta yale yalizuia mafuta mengine yasichache, ndiyo maana watengeneza sabuni waliyapenda. Lakini yalizuia kwa kujitoa mhanga: hewa iliyashambulia yenyewe kwanza. Ukiyaacha kwenye mwanga na hewa, yaliharibika.

Baba, mdogo wake, ndiye aliyeuza. Baba na maarifa yake! Siku moja akaamua kuyahamishia kwenye chupa nyeupe, nusu nusu, ayapange kwenye dirisha la duka, juani.

"Mteja hanunui mbuzi kwenye gunia," akaniambia. "Shika faneli."

Nikashika. Nilikuwa na miaka thelathini, si mtoto, na nilijua fika tunachofanya.

Miezi mitatu baadaye mtengeneza sabuni, mteja wetu mkubwa, akaingia dukani na mche wa sabuni, akaubwaga mezani. Ulinuka rangi ya mlango.

"Nani kaniharibia kazi?"

Shangazi, ambaye hakuwa na kawaida ya kuja dukani, siku hiyo alikuwepo, kaleta mzigo mpya. Baba hakumeza hata mate. "Utuwie radhi, bwana. Dada yangu umri umekwenda. Pua imekufa, hajui tena zuri wala baya."

Mbele yake! Dada aliyembeba mgongoni!

Shangazi akatazama dirishani, akaziona zile chupa. Akanigeukia. "Mwanangu, nani kayahamisha? Sema tu."

Mtengeneza sabuni akaningoja. Baba akanikazia macho. Nami, pande la mtu, nikafyata mkia.

"Sijui, shangazi."

"Basi imekufa," akasema. Akafungua kitambaa cha kazi kiunoni, akakiweka mezani juu ya ile sabuni, akatoka. Hakukeneka tena mpaka tunamzika.

Baba namkasirikia hadi leo. Watu wananisihi nimsamehe, eti ameshazeeka. Siwezi. Nikimsamehe yeye, nitabaki mimi.