Mzuri Mwanzoni au Katikati

Sendofu yangu ilifanyika Ruangwa, katika ukumbi wenye feni moja, na feni hiyo ilielekezwa kwa wakwe. Mshereheshaji alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Akaamua kunisifu kwa lugha yake ya kazi, ingawa nusu ya waalikwa walitoka Malolo na walikuwa wakipiga soga kwa Kimwera.

"Bibi harusi wetu," akatangaza, "ni GUD-luking!"

Baba yangu mkubwa, mwalimu mstaafu wa Kiingereza aliyetoka Nachingwea kwa ajili yangu, akasimama. Nikadhani anakuja kunitunza.

"Samahani, mwalimu. Neno hilo lina silabi tatu: gud, lu, king. Mkazo unakaa kwenye lu. Gud-LU-king."

"Shikamoo, mzee. Lakini mimi nimelisomea hili. Mkazo uko kwenye gud."

"Marahaba. Na aliyekufundisha ni mimi."

Watu wakacheka. Mshereheshaji hakucheka. Wakaanza kulikata neno vipande kwa kupiga makofi, kila mmoja kwa mapigo yake, huku mimi nimesimama mbele na poda inanichuruzika shingoni. Sura yenyewe iliyokuwa ikijadiliwa ilikuwa inaondoka.

Bibi yangu akamuuliza mama mdogo, "Mtoto ana ugonjwa gani?"

"Hana ugonjwa, mama. Wanasema ni mzuri."

"Sasa wanabishania nini?"

"Kama ni mzuri mwanzoni au katikati."

Upande wa wakwe akainuka mwalimu mwingine, wa Naipingo, mpole kabisa. "Wazee wangu, nyote mko sawa. Sifa hiyo ikija mwisho wa sentensi, mkazo uko kwenye lu. Ikitangulia nomino, kama vile 'msichana', mkazo unahamia kwenye gud."

Hapo ndipo mahasimu wawili walipopatana. "Kijana," wakasema karibu kwa pamoja, "wewe umesomea wapi?"

Pilau ilikuwa inapoa. Nikachukua maiki mkononi mwa mshereheshaji. "Jamani, mimi ni mzuri. Leteni chakula."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Mama akanifinya kiunoni, kwa sababu bibi harusi hasemi.

Baba mkubwa na mshereheshaji walikula meza moja, wakigonga silabi za neno lingine kwa vijiko. Yule wa Naipingo alikula peke yake nje. Na mama mkwe, mpaka leo, huwasimulia wageni kwamba mwanawe alioa mwanamke aliyejisifu mwenyewe, tena kwa Kiswahili.