Sauti Katika Ukungu

Majani yaliyolowa yakianza kuoza pale kituo cha basi Kilburn, huku ughaibuni, harufu yake hunirudisha kwenye msitu wa juu ya kijiji chetu, kipupwe kilipokuwa kikiingia.

Nilikuwa nikiokota kuni na bibi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye matawi. Mara sauti ya mama ikaniita kwa jina, taratibu, kama alivyozoea kuniamsha. Mama tulikuwa tumemzika masika yale.

Bibi akaniziba mdomo. Kiganja chake kilinuka moshi na utomvu.

“Usiitike, mjukuu wangu.”

Sauti ikaita tena, karibu zaidi. Bibi akatua mzigo wake, akageukia ukungu.

“Abee, mwanangu,” akaitika. “Mwache mtoto. Nakuja mimi.”

Tukarudi nyumbani. Kabla baridi haijaisha, tulimzika bibi kando ya mama.