Majani Thelathini kwa Kila Tita

Walisema thelathini nitaisikia tu kwa masikio. Nyapara wa shamba la mkonge alisema hivyo siku yangu ya tatu kazini, mbele ya wakataji wote, akigonga tita langu kwa fimbo. "Huyu," alisema, "hata mkimpa miaka kumi hatafika thelathini. Ng'ombe wangu anamshinda hesabu." Watu wakacheka. Mkamba mmoja mrefu, mkataji hodari kuliko wote pale, alicheka mpaka akakaa chini. Jamaa wa kwetu niliyelala naye chumba kimoja hakucheka, lakini jioni aliniambia maneno ya upole ambayo yaliniuma kuliko kicheko: "Ndugu yangu, rudi nyumbani ukachunge. Si kila mtu ameumbiwa namba."

Ninaandika haya nikiwa Ngoingwa, pale Thika, katika nyumba ya mawe niliyoijenga kwa mikono na kichwa changu mwenyewe. Ukutani kuna diploma ya uhasibu niliyoifuata ng'ambo na kurudi nayo. Katika darasa letu nilikuwa wa pili, na yule wa kwanza alikuwa ameanza shule akiwa na miaka mitano. Mimi nilianza nikiwa na ndevu. Sioni haya kujisifu. Waliosema sitaweza walisema kwa sauti, nami nitajibu kwa sauti.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Wakikuyu wengi walikuwa wameondolewa mashambani, na makampuni yalitafuta vibarua kutoka Ukambani na kwetu magharibi. Shamba letu lilikuwa kati ya Thika na Ruiru, upande wa Theta, mkonge mtupu hadi macho yanapochoka.

Sikuwa mjinga. Nyumbani nilichunga ng'ombe wa baba yangu mdogo na sikupoteza hata mmoja, kwa sababu nilimjua kila mmoja kwa uso wake. Akikosekana mmoja, sikuhesabu. Niliona tu nani hayupo. Kwa lugha yetu ningeweza kufika kumi nikikunja vidole. Lakini majani ya mkonge hayana nyuso, na mtu aliyeshika kisu mkono huu na jani mkono ule hana kidole cha kukunja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unakata jani, unaondoa mwiba wa nchani, unaweka chini. Majani thelathini unayafunga pamoja, hilo ni tita. Matita kumi ni fungu. Mafungu sita ndiyo kazi ya siku, na ukimaliza nyapara anakupigia alama kwenye tikiti yako. Tikiti ilikuwa na vyumba thelathini, na mshahara hautoki mpaka vyote vijae. Nyapara hakuhesabu kila tita. Alichagua moja kwa fimbo, akalihesabu mbele yako. Likipungua, alikata kamba na fungu zima likamwagwa juani.

Mafungu yangu yalimwagwa siku baada ya siku. Nilipima kwa unene wa mkono, na majani hayalingani unene. Wakati huo wenzangu walinionyesha desturi ambayo hakuna mzungu aliyeijua: kukopeshana matita. Mtu aliyemaliza mapema, akiwa na ya ziada, alimpa aliyepungukiwa, naye angerudisha siku akiwa na nguvu. Yule Mkamba, pamoja na kicheko chake, ndiye aliyenikopesha kwanza. "Shika," alisema, "lakini mimi nakumbuka, eh? Mimi sisahau." Nilikopa kwake, nikakopa kwa jamaa wa chumbani, nikakopa kwa wengine watatu. Wao walijua nadaiwa mangapi. Mimi sikujua.

Nyapara alipogundua, aliniita kando. "Nimeambiwa unaishi kwa matita ya watu. Tikiti hii ikijaa na bado unadaiwa hata tita moja, nakutoa kambini. Sitaki ugomvi hapa." Tikiti yangu ilikuwa imejaa nusu. Kurudi nyumbani mikono mitupu, baada ya kuaga kijiji kizima, hilo nilikataa kabisa.

Nikasikia kwamba Ruiru, katika kanisa dogo la udongo, kuna darasa la watu wazima kila Jumapili baada ya ibada. Nilitembea huko nikifuata reli. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, binti wa mhubiri, na wanafunzi wake karibu wote walikuwa wanawake wa Kikuyu wanaochuma kahawa. Walitaka kujua hesabu ya madebe yao. Wengi walikuwa wazee kunizidi mara mbili. Utomvu wa mkonge unanuka na kuwasha, basi nilikaa nyuma kabisa mlangoni, ambapo sikuona mbele ila vitambaa vya kichwa.

Walihesabu kwa maharagwe. Kila mama alikuwa na mkebe, akatia harage moja moja, na wote wakasema namba kwa pamoja, karibu kama wimbo. Mimi sikuwa na mkebe, nilikuwa na masikio. Jumapili ile na iliyofuata nilikariri sauti zao mpaka zikakaa mdomoni mwangu. Njiani nilihesabu mataruma ya reli: moja mpaka thelathini, na tena, na tena, mpaka kambini. Sijawahi kulewa pombe, lakini nadhani hivyo ndivyo inavyokuwa.

Jumatatu nilikata nikiimba namba. Matita yangu yalipendeza. Bahati ilikuwa upande wangu, au ilinidanganya: nyapara alipita kwangu siku tatu bila kuhesabu hata moja, kwa sababu yote yalilingana kama ndugu. Siku ya nne nilikuwa na manane ya ziada, na nikampelekea yule Mkamba.

"Manane, mzee. Deni lako lote, kwa hesabu yako mwenyewe."

"Umeanza kuwa mtu," alisema, akayapanga pamoja na mawili yake yakawa fungu.

Nyapara alipofika, fimbo yake iliangukia mojawapo ya yale yangu. Akahesabu. Akarudia. Akafungua la pili, la tatu. Kisha akakata kamba zote, fungu likamwagika, na mtu ambaye hajawahi kukosa alama tangu aingie shamba lile akakosa alama siku hiyo.

Mkamba alikuja hadi mlangoni kwetu jua likiwa bado juu.

"Wewe, mtu wa magharibi! Toka!"

"Kuna nini, mzee?"

"Ishirini na saba. Kila tita. Manane yote!" Watu walishaanza kukusanyika, naye akawageukia. "Angekuwa mjinga, moja lingekuwa na ishirini na tano, lingine thelathini na mbili. Mjinga anakosea ovyo. Huyu amepunguza matatu, matatu, matatu. Huyu anajua hesabu kutushinda sisi sote!"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuisifu hesabu yangu. Jamaa wa chumbani alitazama chini. Mjinga kambini anachekwa, lakini anakula na watu. Mwizi hali na mtu. Siku mbili hakuna aliyeniambia hata habari yako, na Mkamba alitangaza kwamba sasa nadaiwa kumi, manane yangu na mawili yake yaliyomwagwa. Siku aliyoipoteza, alisema, hiyo hakuna wa kuirudisha.

Jumapili nilifika Ruiru kabla ya ibada kwisha. Mwalimu alipotoka nilimweleza yote. Hakunituliza. Alisema tu, "Hesabu mpaka kumi, nisikie."

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, nane, tisa, kumi."

"Rudia polepole."

Nikarudia.

"Saba iko wapi?"

"Saba ni saa ya kula, Mwalimu."

Wanawake waliokuwa wakiingia walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Kumbe neno saba nilikuwa nalo siku zote, kutoka kengele ya saa saba mchana, ila sikujua kwamba lina kiti kati ya sita na nane. Mwalimu hakucheka. Alimgeukia bibi mmoja mzee aliyekaa siku zote mstari wa mbele, ambaye wote walimwita cucu, kama Wakikuyu wanavyomwita nyanya.

"Cucu, umesikia?"

"Nimesikia. Hiyo hatusemangi," alinieleza cucu, kama mtu anayemfundisha mgeni njia ya kisimani. "Unatia harage, unanyamaza, unaendelea. Harage linaingia. Ni jina tu haliitwi."

"Kwa nini, cucu?"

"Ni namba mbaya. Unataka uiite ije?"

"Cucu, wewe umebatizwa," Mwalimu alisema.

"Mimi nimebatizwa. Hiyo namba haijabatizwa."

Ndipo nikaelewa. Kwenye sita wale mama walisema, kwenye saba wakatia harage kimya, kwenye nane wakasema tena. Mikebe yao ilikuwa sahihi. Mimi niliyekaa mlangoni nilisikia sauti bila kuona mikono. Nilikosa saba, nikakosa kumi na saba, nikakosa ishirini na saba. Majani matatu katika kila tita.

Mwalimu alikiri kwamba alijua. Alipoanza darasa aliwalazimisha waitaje, na Jumapili iliyofuata walikuja wawili tu. Akaamua kwamba mama anayehesabu debe lake kwa kunyamaza mara moja ni bora kuliko mama asiyehesabu kabisa. Hakufikiria kwamba kuna mtu mlangoni. "Nitamwandikia nyapara wako barua," alisema. "Kosa ni langu."

Nilikataa. Barua ingeeleza kwa nini sikuwa mwizi, lakini nyapara hakuwa amesema nieleze. Alikuwa amesema nilipe.

"Kwa hivyo ni mimi nimekula majani ya huyu kijana," alisema cucu. Akavuta mkebe wake na kunikalisha karibu naye, utomvu na harufu yangu vyote. "Sema wewe. Mimi nitatia."

Nikahesabu. Nilipofika sita, darasa lote likatulia. Nikasema "saba" peke yangu katika chumba kile cha udongo, wanawake wakatazama pembeni, na harage la cucu likalia chini ya mkebe.

Miaka mingi baadaye, ng'ambo, mkufunzi wetu alitumia wiki mbili kutueleza kwamba kosa linalojirudia kwa kiasi kilekile lina chanzo kimoja, na ukikipata umelipata lote. Wenzangu waliandika madaftari. Mimi niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimelisoma hilo kwa mgongo.

Lakini jambo kubwa zaidi nililitoa darasani Jumapili hiyohiyo. Nilimwomba Mwalimu anisaidie kupanga madeni yangu, kama wenyewe walivyoyataja, kwa maharagwe: kumi ya Mkamba, sita ya jamaa wa chumbani, na ya wale wengine watatu, matano, manne na matatu. Tukayajumlisha. Ishirini na manane. Kisha nikamweleza nilivyokuwa nikijaribu kulipa: leo natoa mawili kwenye mafungu yangu, jioni napungukiwa, nakopa mawili kwa mwingine. Akatoa maharagwe mawili kwenye rundo, akarudisha mawili, akanitazama. Sikuhitaji aseme. Ningeweza kulipa hivyo mpaka ndevu ziwe nyeupe na rundo lisipungue hata harage moja. Watu wenye akili timamu wamefilisika kwa kukosa kuona hilo, na baadhi yao nimewakagulia vitabu.

Niliamua kulipa yote siku moja, nikangoja mpaka tikiti yangu ikabaki vyumba viwili. Siku hizo zote sikukopa na sikulipa. Nilikata kwa kiasi changu, nikihesabu kwa sauti ili kila mtu asikie, nikapigiwa alama. Wakanong'ona kwamba nimekataa madeni. Niliwaacha wanong'one.

Siku ya chumba cha ishirini na tisa niliingia shambani alfajiri na sikunyoosha mgongo. Kabla ya saa sita nilikuwa na ishirini na manane. Nikayabeba mawili mawili mpaka kwa wenyewe. Yule wa matatu aliyapokea akayapanga. Wa manne akafungua moja, akahesabu, akafunga. Wa matano alisema, "Acha tu hapo." Jamaa wa chumbani alikataa kuhesabu sita yake, nikasimama pale mpaka akahesabu. "Ni sawa, ndugu," alisema. "Nenda sasa."

Mkamba aliweka kisu chini na kufungua yote kumi. Alihesabu jani moja moja, majani mia tatu, wakataji wakiwa wamemzunguka, nami nikihesabu pamoja naye kwa midomo. Ilichukua muda. Alipomaliza la kumi alijifuta mikono kwenye suruali.

"Thelathini kila moja," aliwaambia wale waliosimama. Kisha akaniuliza mimi, "Na ya kazi yako ya leo?"

"Nina muda wa kukata ishirini, labda ishirini na tano."

"Haifiki sitini."

"Najua haifiki."

Akatazama rundo lake, akaokota matita kama matano hivi, akanisukumia. "Shika. Mimi nakumbuka."

Nilimshukuru na kuyarudisha palepale kwenye rundo lake. Nyapara alipopita jioni alichagua tita moja kati ya ishirini na matatu niliyokuwa nayo, akalihesabu, likatimia, akaandika jina langu kati ya waliopungukiwa na kuacha chumba cha siku ile kitupu. Nilikunja tikiti, vyumba viwili vimebaki na deni hakuna, nikaitia mfukoni, nikaenda mtoni kuoga.