Faini ya Kukosa Hela

Niambieni nyinyi, mtu akikosa hela unamtozaje faini? Benki yangu hapa Morogoro mjini ilinitoza, eti akaunti haikuwa na hela ya rejesho la mkopo. Nikaenda kudai nirudishiwe kwa sababu ya hali ngumu, nimejaa hasira na shahada yangu kichwani.

"Dada, mnamkamua aliyekauka!" nikamwambia afisa kwa sauti ya mhadhara. "Nyumbani ni mchicha mchana na usiku!"

Foleni nzima ikaniunga mkono. Dada wa watu akalainika. "Pole, mzee. Nitakuombea kwa meneja." Nami, mjinga, nikaongeza kikohozi.

Mara akatoka ofisi ya ndani mama mmoja wa idara ya mikopo. Mwezi uliopita, kwenye kikao cha harusi ya mwana wa mama huyo, jirani yangu aliahidi mbuzi. Mimi nikasimama nikaahidi ng'ombe, na hela ya rejesho ndiyo iliyomnunua.

"Kaka, asante!" akapaza sauti kwa furaha. "Ng'ombe tumempokea. Mnene huyo, hadi wapishi wamepiga vigelegele!"

Afisa akaweka kalamu chini.

"Mzee," akasema taratibu, "mdogo wangu naye anaolewa. Nikuletee kadi ya mchango?"