Nilivyokwenda Doha Kumrudisha Kipa wa Barafuni

Mama alinituma Doha nikamrudishe mdogo wangu nyumbani. Naanza na ukweli huo mapema, msije mkadhani nilikwenda kutembea na kupiga picha mbele ya maghorofa. Picha nilipiga, sikatai, lakini sizo zilizonipeleka.

Athumani ana miaka thelathini na sita na kazi yake ni kipa wa hoki ya barafu. Nikilisema jambo hilo hapa Kisauni watu hucheka, maana barafu sisi tunaijua ya kutia kwenye juisi. Ni mchezo wa wanaume kuvaa viatu vyenye visu chini, kuteleza juu ya sakafu ya barafu na kupiga kwa magongo kisahani cheusi cha mpira mgumu. Kipa hukaa mbele ya kisahani hicho, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angepakimbia.

Aliuanza Nairobi, alipopata kibarua cha kupiga deki kwenye hoteli iliyokuwa na kiwanja cha barafu. Siku moja kipa wa timu hakuja, wakamvika yeye kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, na hakuyavua tena mavazi yale. Timu ya mji mdogo wa Ulaya ya mashariki ikamchukua. Akakaa huko misimu sita, akaacha meno mawili, kisha akaja Doha, ambako hulipwa kwa kudaka na kwa kuwafundisha watoto kuteleza. Baba alipofariki, yeye alikuwa safarini na timu, akafika siku tisa baada ya mazishi. Tangu hapo Mama hana raha naye.

"Mkataba wake waisha mwezi huu," Mama aliniambia. "Nenda umzuie asitie saini mwengine. Nimechoka kumlea kwa simu." Akanipa sanduku kubwa la magurudumu, tupu, la kupakilia vitu vya mwanawe.

Jumanne alfajiri niliondoka Mombasa. Ndani ya ndege nilikuwa nikipanga maneno. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, nimezoea kupima kabla ya kukata, na nilikuwa nimeshampima mdogo wangu: ningemwanzia kwa upole, nimalizie kwa machozi. Nilipochungulia dirishani niliona mchanga tu, mwingi, mpaka nikajiuliza barafu yenyewe wanaificha wapi.

Saa sita mchana nilikuwa Doha. Athumani alinikumbatia pale wanapotokea abiria, akaninyanyua kama kawaida yake, lakini nilisikia akiguna aliponishusha. Alitembea akiubembeleza mguu wa kushoto. Akalishika sanduku langu kwa kidole kimoja, likaja lenyewe. Aliliangalia, akaniangalia.

Tulichukuliwa na Khamis, Mzanzibari dereva wa gari la kukodi anayekaa naye nyumba moja mtaa wa Al Sadd. Mtu wa watu, maneno hayamwishi. "Dada, chumba changu ndicho chako," aliniambia. "Miye nimehamia kwa binamu yangu, tena usinishukuru, maana nimekikimbia kile kinyaa cha ndugu yako."

Kinyaa hicho nilikutana nacho mlangoni. Yalikuwa mavazi ya Athumani, yamejaa begi refu barazani, na yalinuka jasho la miaka. Nilifungua madirisha yote. Athumani akacheka, akayafunga, akawasha kiyoyozi.

Jumatano asubuhi alinipeleka kazini kwake. Kiwanja kimo ndani ya jumba la maduka, chini kabisa. Juu watu wanakunywa kahawa, na wewe ukishuka ngazi unaanza kutetemeka. Nilivaa koti lake juu ya buibui. Akaingia barafuni na watoto kama ishirini wa kila taifa, wengine wanalia, na mguu wake ule wa kuchechemea ukawa haupo tena. Aliteleza kinyumenyume huku amewashika watoto wawili mikono. Uzuri wa mtu anayejua kazi yake niliuona, nikajilazimisha kutazama pembeni, kwa sababu haukunisaidia katika jambo lililonileta.

Jioni Khamis alinitembeza Lusail na The Pearl, mitaa mipya ya maghorofa, nikapiga zile picha. Njiani aliniambia jambo ambalo Athumani hakuniambia. Mkataba mpya ulikuwa bado haujaandikwa. Kulikuwa na kipa mwingine, kijana wa miaka ishirini na mbili, na mudiri wa klabu, ndiye meneja, alikuwa amesema ataamua kwa mechi ya Ijumaa. Athumani akidaka vizuri anabaki. Akishindwa, khalas.

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, na ninaona haya kuliandika hilo. Niliona kazi yangu imefanywa na watu wengine: kumbe nikae tu, niombe ashindwe.

Alhamisi ilikuwa siku yangu ya tatu, na mnajua wenyewe, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Athumani alikuwa amekwenda kwa mtaalamu wa magoti. Nilipika, nikapiga deki, kisha macho yakaniangukia lile begi. Ni mwanamke gani wa kwetu atakaa nyumba moja na uchafu ule akamwacha nduguye aende nao mbele za watu? Niliyatoa mavazi yote: fulana, suruali, soksi, vikinga miguu vikubwa kama magodoro ya mtoto. Chini kabisa palikuwa na glavu ya kudakia, pana kama ungo, ngozi yake imeingia weusi. Nikailoweka kwa maji moto na sabuni ya unga, nikaisugua kwa brashi mpaka ikabadilika rangi. Kisha nikavipandisha vyote darini kwenye paa la nyumba, nikavianika juu ya saruji, jua la mchana la Doha likafanya kazi yake.

Saa tisa Athumani alirudi. Alinusa barazani, akaona begi limelala tupu.

"Dada, vitu vyangu viko wapi?"

"Darini. Vinanukia kama vya bwana harusi."

Alipanda ngazi mbili mbili kwa goti lile lile bovu. Nilipomfikia alikuwa amechuchumaa, glavu imo mkononi, anajaribu kuikunja. Haikukunjika. Ilikuwa imekauka kama ubao wa mbuzi ya kukunia nazi. Nguo naijua, ngozi, kumbe, siijui.

"Hii sio nguo, dada," alisema polepole. "Hii imechukua miaka minne kulainika. Nadaka nayo, nalala nayo chini ya godoro. Manze, hii ni mkono wangu."

"Si wanunue nyingine?"

"Mpya ni ngumu hivyo hivyo. Na mechi ni kesho."

Angenitukana ningepata nafuu. Hakunitukana. Alikaa juu ya saruji, akawa anaifungua na kuifunga, anaifungua na kuifunga. Nimejiuliza mara nyingi tangu siku ile. Sabuni ilikuwa bahati mbaya, naapa. Lakini kuna furaha ndogo iliyonipitia moyoni pale darini, ya dakika moja tu, na hiyo haikuwa bahati mbaya.

Nikashindwa kuimeza. Nikamwambia yote: Mama, mkataba, maombi yangu.

"Nilijua tangu airport," akasema. "Nani husafiri na sanduku tupu?" Alicheka kidogo, nikaona lile pengo la meno mawili. "Mimi nikija nyumbani, nitakuja. Lakini sitaki kuja kwa sababu nimetupwa. Unaelewa?"

Nilielewa. Tukakaa naye hadi magharibi tukiipaka ile glavu mafuta na kuikanda, tukapata kuilegeza kidogo upande wa kidole gumba.

Ijumaa baada ya swala, alasiri, nilikaa na Khamis nyuma ya kioo kizito kinachozunguka kiwanja. Watu walikuwa wachache, wengi wakiwa familia za wachezaji. Kisahani cha kwanza kilichomjia Athumani kiliingia glavuni, glavu isijifunge, kikadondoka, mtu akakisukuma golini. Cha pili vilevile. Mabao mawili, na yote mawili nilikuwa nimeyafua mimi kwa mikono yangu. Yule kijana wa miaka ishirini na mbili alianza kufunga kamba za viatu vyake kwenye benchi.

"Watamtoa," nikasema.

"Usikhofu, dada," Khamis alinijibu, lakini naye alikuwa ameshika kichwa.

Hawakumtoa. Na baada ya mapumziko ya kwanza niliona mdogo wangu ameacha kudaka. Mkono ule wa glavu aliutumia kama mlango, kupangua tu, na kila kisahani alikiwekea mwili: kifua, bega, paja, hata kofia ya chuma. Nilisikia kila pigo. Kila mara alianguka, akainuka. Timu yao ikapata bao moja. Dakika za mwisho mtu mmoja wa upande wa pili aliponyoka peke yake, anakuja mbio, hakuna mwingine mbele yake. Athumani alitoka golini akajitupa mzima mzima, kisahani kikamgonga mbavuni, akakilalia.

Nilijikuta nimesimama, napiga kioo kwa viganja, nalia, napiga kelele, "Usikiachie, Athu! Usikiachie!" Mwenye maombi yale ya Jumatano sijui alikwenda wapi.

Walifungwa mawili kwa moja. Mechi ile niliifungisha mimi, na nitalikumbuka hilo mpaka kufa kwangu.

Jumamosi asubuhi mudiri alipiga simu. Athumani alisikiliza, akasema "shukran" mara tatu, akaweka simu juu ya meza karibu na chai. Kocha, kumbe, alikuwa ameuliza kuhusu ile glavu, Khamis akamweleza, naye akasema kuwa mtu anayeweza kudaka kwa mbavu hana haja ya kuondoka. Mkataba mpya wa mwaka mmoja.

"Utamwambia nini Mama?" Athumani akaniuliza.

Nilimwongezea chai. Aliinua fulana ili ajipake dawa, nikaona ubavu wake wote umegeuka rangi ya bilingani. Alikuwa akijipinda kuufikia mgongo, haufikii. Nikamnyang'anya chupa.

Jumapili jioni nilirudi Mombasa. Safari ilinifunza mambo mengi, lakini kubwa ni moja: nilikwenda nikidhani mdogo wangu amekimbilia mchezo, nikakuta mtu anayefanya kazi ngumu kwa moyo wake wote, bila mtu wetu hata mmoja kumtazama.

Mama alikuwa mlangoni. Alitazama nyuma yangu, kwenye teksi, akangoja mtu mwingine ashuke. Hakushuka mtu.

"Hakuja," nikamwambia. "Ametia saini, Mama, nami sikumzuia."

Alikaa chini pale pale kizingitini. Nikamhadithia yote, glavu, mabao, kile kisahani cha mwisho. Nilidhani hasikilizi.

"Yaumiza, hiyo?" hatimaye akauliza.

"Yaumiza sana."

"Na akiumia, nani humkanda?"

"Hujikanda mwenyewe. Mgongoni hafiki."

Mama akavuta ncha ya leso yake. Kisha akainuka, akaingia chumbani, nikasikia anapekua vitu vyake. Alitoka na kitambulisho chake mkononi.

"Hiyo pasipoti," akasema, "huanzia ofisi gani?"

Kesho yake saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye foleni.